Ukuta wa Pamoja

Bikoni ya tano iliangukia uani kwa bibi, hatua tatu kutoka mlango wa jiko. Kijana wa upimaji alimwomba radhi, akachimba shimo, akasimamisha nondo, akamimina zege. Bibi alimletea kigoda na maji ya kunywa. Alidhani kijana amepoteza kitu na anakitafuta.

Ilikuwa Agosti 2024, pembezoni mwa Manispaa ya Singida, katika mtaa ambao sitautaja kwa sababu nina ndugu wengi na wote wana simu janja. Nilipokuwa mdogo mtaa huo ulikuwa kijiji. Hatukuhamia mjini, mji ndio ulitufuata. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.37 katika mkoa mzima, ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 2, na watu hao lazima walale mahali. Sehemu yao wanakuja kulala kwenye shamba la mtama la marehemu babu.

Shamba ni ekari moja. Warithi ni wanane. Mpima akatoa barabara, akatoa njia ya maji ya mvua, vikabaki viwanja vinane, kila kimoja chini kidogo ya mita za mraba 400. Kwenye ramani ya mipango miji viliandikwa makazi ya ujazo mkubwa. Nimesoma ubunifu majengo miaka mitano na neno hilo bado hunichekesha. Katika lugha ya ofisi zetu, ujazo hauhesabu watu wala vyumba, unahesabu ukubwa wa kiwanja tu. Kila kiwanja kitajengwa nyumba moja ya chini, yenye uzio wake, geti lake, shimo lake la maji machafu na tanki lake la plastiki. Nyumba nane zitapeana migongo, na kila moja itajifanya iko peke yake porini.

Na juu ya mpaka wa kiwanja namba tano na namba sita lilisimama tembe la bibi.

*

Kwa ambaye hajalala ndani yake: tembe ni nyumba fupi ya pembe nne ambayo paa lake ni bapa na limefunikwa udongo. Kwanza husimamishwa nguzo zenye panda, juu ya panda magogo, juu ya magogo fito, juu ya fito nyasi, kisha udongo unapondwapondwa mpaka ushikane. Nguzo ndizo zinazobeba paa. Ukuta ni fito zilizokandikwa, na kazi yake kubwa ni kuzuia upepo. Singida upepo si mzaha. Watu hupanga mawe juu ya mabati ili asubuhi wayakute. Mwezi wa Juni na Julai, upepo ukitoka mashariki umeshapita juu ya majabali na juu ya maji ya chumvi ya Ziwa Singidani, unaingia hadi kwenye mifupa. Ndani ya tembe la bibi husikii chochote. Ni giza, ni kimya, na kuna ule ubaridi mtamu wa mchana ambao usiku unageuka kuwa joto. Juu ya paa bibi alianika mtama, majani ya maboga na mlenda. Sisi wajukuu tulikatazwa kupanda huko, na tulipanda.

Mara ya kwanza kuona tembe likiheshimiwa na watu wasio wa kwetu ilikuwa Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, ambako limejengwa moja la Kigogo. Kuna kiingilio. Nilisimama pale na wanafunzi wenzangu, kila mtu ana daftari, anachora panda za nguzo, na nikaona haya kusema kwamba bibi yangu analala ndani ya kitu hiki na wakati ule huenda alikuwa anatafuta hela ya bati.

Tembe halikuwa aibu siku zote. Misafara ya karne ya 19 iliyokatiza Mgunda Mkali, ile nyika ya Manyoni na Itigi ya leo, ilikuta matembe toka Ugogo hadi Unyanyembe. Waarabu na Waswahili waliopiga kambi Tabora waliyaiga. Nyumba ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, ambayo sasa ni makumbusho, inaitwa tembe hadi leo. Watu waliotoka kwenye nyumba za mawe za pwani walifika bara, wakatazama jua, upepo na miti iliyopo, wakajenga kama wenyeji. Sisi tuliozaliwa hapo ndio tulioanza kusema kwamba tembe si nyumba.

*

Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo ramani zote ni zangu. Mbunifu majengo ndani ya ukoo ni kama daktari: kila mtu ana jambo dogo tu, na hakuna anayeuliza bei. Baba mdogo wa mwisho alikuwa wa kwanza kunipigia. Alitaka nyumba ya paa la kuficha.

Kama hujajenga siku za karibuni: ni nyumba yenye bati la kawaida lililolazwa karibu bapa, halafu kuta za nje zinapandishwa juu zaidi kulificha, ili ukisimama barabarani uone boksi. Maji ya mvua yanabaki humo juu kutafuta njia. Nilimwonyesha bibi picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Hili si tembe, mke mwenzangu?”

“Hapana, bibi. Hii ndiyo nyumba ya kisasa.”

“Linavuja?”

“Mara nyingi.”

“Basi ni tembe.”

Nilicheka, lakini niliondoka na lile neno kama ushahidi. Nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka ukoo usigawane viwanja, tembe lihifadhiwe, na pembeni yake zipande nyumba ambazo nilishazichora usiku: kuta nene za rangi ya udongo, paa bapa, magogo yakichungulia nje ya ukuta kama pale Makumbusho. Magogo yenyewe yalikuwa ya urembo. Hayakubeba kitu.

Niseme ukweli kuhusu magogo hayo. Miaka mitatu kabla, nikiwa kwenye ofisi nyingine, nilishiriki kuchora jengo la ghorofa tano huko Dodoma. Mteja alitaka liwe la kisasa na “liwe na utamaduni wetu”. Tukampa kioo upande wote wa magharibi, na juu ya kioo tukabandika vipande vya chuma vilivyokatwa michoro ya vikapu vya kina mama wa mikoa ya kati. Saa tisa alasiri wafanyakazi walifunga mapazia, wakawasha taa na viyoyozi, mchana kweupe, katika mji wenye upepo mzuri kama ule. Utamaduni ulibaki nje ukipigwa jua. Nilipata sifa kwa jengo lile. Nina picha yake bado.

Kwa hiyo nilipomweleza bibi kuhusu kuhifadhi tembe, nilikuwa namletea vikapu vingine vya chuma, ila sikujua.

“Wewe umelala humu wiki mbili za likizo,” alisema. “Mimi nimelala miaka hamsini. Unajua papasi?”

Nilijua kwa vitabu. Ni mdudu jamii ya kupe, anajificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku, anakunywa damu, anarudi ufani. Anaweza kukaa miaka bila kula. Homa anayoileta hupanda, hushuka, ukadhani umepona, kisha hurudi. Madaktari wa Dodoma na Singida wa zamani waliijua sana.

Bibi hakuwa anauliza elimu ya wadudu. Alinieleza kuhusu mtoto ambaye sikuwahi kuambiwa kwamba alikuwepo, aliyekuja kati ya bamkubwa na baba yangu. Homa ilipanda mara tatu. Aliniambia hivyo tu, akaendelea kuchambua mlenda. Baadaye akaongeza kwamba kila mwaka kabla ya mvua alikuwa anaziba nyufa zote kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kwa mikono yake, mpaka zile za chini ya kitanda, na kwamba nyumba ya udongo haitaki mtu mvivu wala mtu mzee, na sasa yeye ni mzee.

Nilifunga kompyuta.

*

Kilichonirudisha kazini ni jambo alilolisema kwa bahati, jioni nyingine, tukiwa tumekaa ukutani tukiota jua la mwisho. Nilimuuliza kama tembe hili ndilo aliloolewa ndani yake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama kibanda cha kuku ndiyo nyumba.

“Hiki ni kipande. Tembe lilibaki kule.”

Kule ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, walikokuwa wakiishi kabla ya Operesheni. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwaka uliofuata zamu ya kwao ikafika. Walipewa ekari moja kila kaya, kwa mstari, “kama mbegu za maharage”. Ekari hii tunayoigombania ndiyo ile. Nimesoma mengi kuhusu Vijiji vya Ujamaa, mazuri na mabaya, na sina nia ya kuhukumu hapa. Shule niliyoanzia darasa la kwanza na zahanati alikozaliwa mdogo wangu vyote vilitokana na kusogezwa kule. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba mstari ulivunja nyumba. Kwamba kaya, kama ilivyoandikwa kwenye daftari la kijiji, ilikuwa mume, mke na watoto, na kwa hiyo tembe moja lilihesabiwa kuwa kaya sita, zikapewa ekari sita.

Bibi alichukua kijiti akanichorea chini. Baba wa babu alianza na ubavu mmoja, umegeuzia mgongo mashariki, upande wa upepo, hauna hata tundu. Kijana wake wa kwanza alipooa, ubavu wa pili ukaongezwa ukishika kona ya ule wa kwanza. Ukuta uliokuwa wa nje ukawa wa ndani, ukatumika na vyumba viwili. Kisha wa tatu. Wa nne ulifunga pembe, ukaachwa mlango mmoja. Katikati ua, na ndani ya ua ng'ombe usiku. Kila mama na jiko lake, kila jiko linatazama uani. Watu arobaini, bibi alisema, kisha akahesabu kwa majina akafika thelathini na saba.

“Mlikuwa mnagombana?”

“Sana. Lakini mtoto hakuwahi kupotea.”

Nilipiga picha mchoro ule kabla kuku hawajapita juu yake. Nilikuwa nimetumia miezi kuhifadhi paa bapa, ambalo kila aliyeishi chini yake alilichoka, nikaacha kitu ambacho hakionekani ukisimama barabarani: kuta zinazotumika pande mbili, mgongo uliogeuziwa upepo, mlango mmoja, nyumba inayoongezeka kadiri watu wanavyoongezeka bila kula shamba. Hayo ndiyo tunayofundishwa vyuoni leo kwa majina marefu ya kigeni, ujenzi shadidi na endelevu. Wazee wangu waliyafanya kwa panda na fito, na yakaishia kwenye mstari wa maharage.

*

Mchoro mpya ulikuwa rahisi kuliko yote niliyowahi kufanya. Mraba wa mita 24 kwa 24, katikati ua wa mita 12 kwa 12, jengo linauzunguka ua likiwa na unene wa mita 6 ili kila chumba kipate hewa pande mbili. Sakafu tatu, hakuna lifti. Nyumba nane za mita za mraba mia moja mia moja, vyumba kadhaa vya kupangisha upande wa barabara, na baraza pana kila sakafu, linalotazama uani, la kupikia, kusukana na kusengenyana. Jengo lote linakaa kwenye sehemu moja ya saba ya ekari. Zilizobaki sita ni shamba.

Paa ni bati, tena la mteremko, lisilofichwa. Limeinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati na kuondoka na joto. Wazo hilo nimelichukua kwa Francis Kéré, ambaye mwaka 2001 alimaliza shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, kwa kuta za tofali za udongo na paa la bati lililonyanyuliwa. Wanakijiji wake nao hawakutaka kusikia habari za udongo mwanzoni. Walishaona mvua inavyoufanya. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa katika kazi yetu, na tangu hapo mtu akikutukana kwa kuchora udongo unaweza kumtaja.

Bati la mita za mraba 430, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, ukitoa moja ya tano inayopotea, linakusanya lita laki mbili na zaidi. Katika mkoa ambao mito yake hukauka na visima hutoa chumvi, namba ile niliizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Marehemu Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo miaka ya 1970 alilipa miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, na watu husifu umbo lake. Mimi kila nikiitazama naona chombo cha kukingia mvua.

Kuta nilizipa tofali za kufungamana, zile ambazo Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora umezihubiri kwa miaka: udongo, saruji asilimia tano hadi nane, mashine ya kushindilia kwa mkono, hakuna tanuru, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa kuchoma. Mhandisi niliyemwomba msaada alikagua akaongeza nguzo na mikanda ya zege kila sakafu. Singida tupo kwenye tawi la Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. Sikubishana. Halafu, kusema kweli, ni mantiki ileile ya tembe: nguzo zibebe, ukuta uzuie upepo.

*

Kikao cha ukoo kilifanyika Desemba 2024, na bahati mbaya yangu ilikuwa kalenda. Novemba 16 jengo la ghorofa lilikuwa limeanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini. Kila mtu pale sebuleni alikuwa ameona video za watu wakiita kutoka chini ya zege. Nilipotandika michoro, bamkubwa hakuitazama hata mara moja.

“Mwanangu, sisi tulale juu ya wenzetu, halafu?”

Nilieleza habari za mhandisi, vipimo vya udongo, kibali, bodi inayotusajili sisi wabunifu. Nilisikia sauti yangu ikizidi kuwa ya ofisini. Mtu ambaye ameona mkono ukitoka kwenye kifusi humwambii kuhusu bodi.

Baba mdogo alisema yeye anataka boksi lake na amani yake. Sawa. Huyo nilimtarajia.

Niliyekuwa sikumtarajia ni shangazi. Nilikuwa nimemhesabu upande wangu; ndiye aliyenilipia ada mwaka wa pili. Alisubiri wanaume wamalize, akavuta mchoro kwake, akaugeuza, akauliza swali moja.

“Ukuta huu wa katikati ni wa nani?”

“Wa wote wawili, shangazi.”

“Hapana. Kwenye karatasi. Ni wa nani?”

Babu alipofariki, mgao wa kwanza uliochorwa na wanaume wa ukoo haukuwa na jina lake. Wa pili ulimpa kipande cha nyuma, kwenye mwamba. Ilimchukua miaka minne, safari za mahakamani na maneno ya kutosha kujaza tanki kupata kiwanja namba tatu, kilichopimwa, chenye bikoni nne na jina la mwanamke. Na sasa mtoto wa kaka yake, aliyemsomesha, anamletea karatasi nzuri inayofuta bikoni zote na kusema vitu ni vya pamoja.

“Nimeshaishi kwenye vya pamoja,” alisema. “Vya pamoja vina mwenyewe siku zote. Ila si mimi.”

Sikuwa na jibu. Lilipokuja, lilikuwa la kisheria, na nilimpelekea nyumbani kwake Februari. Tangu mwaka 2008 nchi hii ina sheria inayoruhusu sehemu ya jengo kuwa na hati yake: sakafu yako, namba yako, jina lako, na mgao ulioandikwa wa vile vinavyotumika na wote, yaani ngazi, paa, ua na tanki. Unaweza kuiuza, kuirithisha, kuiweka rehani. Shangazi aliisoma hati ya mfano mstari kwa mstari na miwani yake ya duka la dawa. Alitaka kujua nani atalipa bati likitoboka upande wa mtu mwingine. Tukaandika. Alitaka kujua kama kaka yake anaweza kumzuia kumpangishia mtu asiye ndugu. Tukaandika. Kikao kile cha watu wawili kilizaa kurasa tisa, na kwa maoni yangu kurasa hizo ndizo mchoro mgumu kuliko wote katika jengo hili. Tembe la zamani lilikuwa nazo pia, ila ziliandikwa kichwani mwa mzee mmoja wa kiume.

*

Waliokubali ni wanne. Shangazi, baba yangu, shangazi mdogo anayefuata chochote asemacho dada yake, na, baada ya mimi kuacha kumshawishi, bamkubwa, kwa sharti kwamba yeye akae chini kabisa. Wanne wengine walichukua viwanja vyao. Tulibadilishana namba ili vya kwetu viwe pamoja, tukaomba viunganishwe, na hilo la kuunganisha lilichukua muda mrefu kuliko kupima, maana mifumo yetu imezoea kukata.

Kwa hiyo ninajenga nusu. Mbavu mbili zinazoshikana kona, moja imegeuzia mgongo mashariki, nyingine kusini. Pande mbili za ua zimeachwa wazi, na nondo zimeachwa zikichomoza kwenye kona kwa ajili ya atakayebadili mawazo. Mwanzoni nililia kimoyomoyo kwa ajili ya mraba wangu. Kisha nikakumbuka kile kijiti cha bibi, kwamba lile tembe nalo lilianza na ubavu mmoja.

Kabla ya kuanza nilimpelekea mchoro wa mwisho. Hakujali mita wala lita. Aliuliza mlango wake uko wapi, na nikamwonyesha chumba cha chini, ndani kabisa, chenye utulivu, nilichomtengea kama mzee. Alikikataa. Alitaka kile cha mlangoni, nilichokuwa nimekiita stoo, ili akikaa kibarazani aone nani anaingia na nani anatoka na amebeba nini. Stoo imehamia ndani. Kuhusu tembe alisema lisivunjwe wala lisikandikwe. Mbuzi walale humo mpaka mvua iamue.

Udongo wa kwanza tuliojaribu ulikuwa mweusi, wa mbugani, ukapasuka kwenye kisanduku cha majaribio kama mkate mbaya. Wa pili, mwekundu wenye mchanga, ulitoka palepale kwenye shimo la tanki. Tofali zilimwagiwa maji wiki nzima na kukaa kivulini hadi wiki ya nne. Baba mdogo, ambaye boksi lake limeshaezekwa, alipita akasema zinapendeza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua fundi mzuri wa kuziba paa.

Jumamosi moja ya Septemba tulimleta bibi kuona ukuta wa kwanza ulipofika usawa wa kifua. Alikataa kiti. Aliinama pale tofali zinapokutana, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mwanya, polepole, kutoka kona hadi kwenye nguzo, mstari wa chini, kisha wa juu yake, kisha wa juu yake tena. Mafundi walisimama na koleo mikononi. Alipofika mstari wa nne alikuta mahali ambapo ukucha uliingia.

“Hapa,” alisema. “Zibeni hapa.”